Jino haliijui tarehe ya harusi



Leo siandiki habari za singo wala udi. Najua msimu wa harusi umeingia na wengi mnaniuliza lini tutazungumzia hina nyeusi na vitu vya kusafishia uso. Tutarudi huko inshaAllah. Leo nina hasira, na nimekaa nayo wiki mbili nikisema ipoe kwanza, lakini haikupoa. Basi bora niiandike iwafae wengine.

Nilikwenda Kikwe, kule Arumeru chini ya Mlima Meru, kumuoza mtoto wa dada yangu. Dada aliolewa huko miaka mingi nyuma, na binti yake anaolewa na kijana wa Unguja. Mimi ndiye mama mdogo, ndiye somo, ndiye niliyebeba hina, asumini, udi na makarafuu kutoka nyumbani. Nimefika Alkhamisi, ndoa Jumamosi baada ya Alasiri. Usiku wa hina nikamwona bi harusi amejifunika mtandio mpaka puani. Nikadhani ni haya. Nilipomfunua, shavu la kushoto limejaa kama ameficha limau mdomoni.

Jino lilikuwa likimuuma mwezi mzima. Gego la chini, la nyuma kabisa. Amekula panadol, amesukutua chumvi, amenunua vidonge viwili vitatu vya antibaotiki duka la dawa, na amenyamaza. Kila aliyemwambia alipewa jibu hilohilo: "Vumilia mwanangu, harusi ipite."

Na mimi nisijitoe. Mtu wa kisiwa cha karafuu, nilifanya nini? Nilimpaka mafuta ya karafuu, nikamwambia alale, asubuhi litapungua. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi kwa muda mfupi, basi. Usaha hauondoki kwa kupakwa mafuta. Alfajiri mtoto hafungui mdomo hata upana wa kidole kimoja. Mate yanamchuruzika kwa sababu hawezi kumeza. Sauti yake imebadilika, anaongea kama mwenye kiazi cha moto mdomoni. Chini ya kidevu pamekuwa pagumu.

Na hata hapo, wallahi, kuna mtu alisema: "Tumpake poda tu, atakaa kwa upande."

Baba yake hakungoja. Tulipata gari mpaka barabara kubwa na kutoka hapo moja kwa moja hospitali ya mjini Arusha. Wakamlaza, wakamtundikia dawa za mshipani, wakapasua, wakatoa usaha, wakang'oa gego. Daktari alituambia maneno machache: mngekaa mpaka harusi ipite, mngekuwa na msiba. 

Dada zangu, ugonjwa huo una jina. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza mwaka 1836, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mizizi ya magego ya nyuma ya chini iko karibu na nafasi zilizo chini ya ulimi. Usaha ukivuka hapo unausukuma ulimi juu na nyuma, na njia ya pumzi inazibwa. Mtu hafi kwa jino. Anakufa kwa kukosa hewa. Kabla ya antibaotiki kupatikana, zaidi ya nusu ya waliopatwa walifariki. Leo wengi wanapona, lakini wanaopona ni wale waliofika.

Sasa nataka nigombane na hilo neno "vumilia".

Tumeligeuza neno la subira kuwa kitambaa cha kumziba mwanamke mdomo. Nani kati yetu anamshinda Nabii Ayyub, amani iwe juu yake, kwa subira? Naye alimlalamikia Mola wake waziwazi kwamba amepatwa na dhara. Akaambiwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuogea na kunywa, akayatumia akapona. Subira yake haikumzuia kutumia dawa aliyooneshwa. Na Mtume wetu ﷺ alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwajibu wajitibu, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa. Subira ni kutulia moyo huku unaitafuta dawa. Kukaa na usaha shingoni ili picha zisiharibike ni kitu kingine kabisa, na Qur'an imetukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi.

Halafu hebu tuulizane: nguzo za ndoa ni ngapi? Sisi watu wa madhehebu ya Shafi tumefundishwa tangu madrasa: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na kauli ya kuozesha na kukubali. Mnaona hapo shavu? Mnaona picha, ukumbi, au tabasamu la bi harusi? Jumamosi baba yake alikwenda wodini, akamuuliza mbele ya mama yake kama ridhaa yake iko palepale. Akaitikia kwa kichwa, na machozi. Alasiri ndoa ikafungwa msikitini kama ilivyopangwa. Walima ukasogezwa wiki mbili. Wageni wa Unguja wakala pilau lao, wakaondoka. Hakuna kilichobomoka, alhamdulillah. Tulikuwa tayari kuhatarisha roho kwa kitu ambacho dini haikukidai hata siku moja.

Najua mtaniletea hoja. Nimezisikia zote.

"Daktari ni mwanamume." Akiwepo wa kike, mwende huyo. Hayupo, na hali ni ya haraka, basi dharura ina hukumu yake, na wanazuoni wameliruhusu hilo kwa kiasi cha haja, ukiwa na mahram au mwanamke mwenzako. Bibi Rubayyi' bint Mu'awwidh, sahaba, alikuwa akitoka na jeshi la Mtume ﷺ akiwapa majeruhi maji na kuwatibu. Walikuwa wanaume wale. Kama ilifaa kule, isifae kwetu kwa uvimbe unaoziba koo?

"Nimefunga." Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikaa Jeddah mwaka 1997 likataja miongoni mwa mambo yasiyobatilisha funga kuchimba jino, kung'oa na kusafisha meno, maadamu mtu hamezi kinachoingia kooni. Sindano isiyokuwa ya lishe nayo iko humo. Na ukizidiwa, mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni ya Allah, usiifanye aibu.

"Ni mjamzito." Mjamzito ndiye wa kuwahi zaidi. Ganzi ya kawaida ya meno na kung'oa jino vinafanyika katika ujauzito, na jino la dharura halingoji mwezi wa ngapi. Mwambie tu daktari mapema kwamba una mimba, na usijimezee ibuprofen wala diclofenac mwenyewe.

"Hakuna pesa." Hii ndiyo hoja pekee ninayoiheshimu, kwa sababu kwa wengi ni kweli. Lakini katika nyumba ile, na katika nyumba zetu nyingi, kulikuwa na pesa ya mpambaji, ya sare za mashangazi, na ya mpiga picha wa kutoka mjini. Jino lililotoboka likiwahiwa linazibwa kwa gharama ndogo. Likiachwa, linalipiwa kitanda, dripu na upasuaji. Tunapopanga bajeti ya bi harusi, mstari wa kwanza uwe daktari wa meno, miezi mitatu kabla. Singo ifuate.

Kuna jambo jingine, na hili linawahusu wakwe wa kisiwani, kwa hiyo mnisikilize vizuri.

Nilipomuuliza mtoto kwa nini hakwenda kwa daktari mapema, hakutaja maumivu wala pesa. Alisema: "Mama mdogo, naona haya kufungua mdomo." Meno yake yana rangi ya kahawia. Mtu mmoja wa upande wetu, kwenye simu ya picha, alimcheka akauliza kama huko bara hawajui mswaki. Tangu siku hiyo akawa anasugua meno kwa mkaa na mchanga, na akaelekezwa maji ya betri. Maji ya betri ni asidi! Yanaunguza ufizi na kula gamba la jino.

Basi jueni. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, kwa sababu mlima ule ni volkano na maji yanapita kwenye miamba yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania yenyewe kwa miaka mingi ilikubali mpaka miligramu 4, kwa kuwa maji ya chini ya hapo hayakupatikana kirahisi kila mahali. Kuna kituo cha utafiti Ngurdoto, jirani tu na Kikwe, kilichowekwa kwa kazi ya kupunguza madini hayo kwenye maji. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yaani miaka yake minane hivi ya mwanzo, meno hutoka tayari na madoa. Mswaki haukuyaleta na mswaki hautayatoa. Daktari wa meno anaweza kuyafunika au kuyapunguza. Mchanga hauwezi.

Kwa hiyo unapomcheka msichana wa Kikwe, Usa River au Maji ya Chai kwa meno yake, unamcheka kwa maji ambayo Allah alimkadiria kuzaliwa karibu nayo. Na kicheko hicho kilimfanya afiche jino lililooza mpaka likakaribia kumuua. Tutakuja kuulizwa kuhusu vicheko vyetu. Na mama wa kule wenye watoto wadogo: mkiweza, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yawe ya mtoto kunywa, na punguzeni magadi kwenye maharage na makande, maana magadi nayo yana floraidi.

Sasa ya kuandika ukutani. Haya hayangoji asubuhi wala kliniki kufunguliwa. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali, usiku huohuo:

Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, au unaopanda jichoni. Kushindwa kumeza, kupumua kwa taabu, ulimi kuinuka, sauti kubadilika, mdomo kutofunguka. Uvimbe pamoja na homa. Ukiona hata kimoja, ondoka.

Damu baada ya kung'olewa jino. Kunja kitambaa safi au shashi, uma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kuchungulia, na usisukutue. Ikiendelea, rudi kwa daktari.

Jino la ukubwani limeng'oka kwa kuanguka au ajali. Lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi bila kusugua, lirudishe mahali pake na uma kitambaa. Ukishindwa, litie kwenye maziwa. Fika kwa daktari ndani ya nusu saa, isizidi saa moja, kwani kila dakika inapunguza nafasi ya kulishika tena. Jino la utoto usilirudishe. Na kama lililoling'oa ni ngumi ya mtu, mwambie daktari ukweli. Kuficha hilo si stara.

Ukiwa njiani: panadol kwa kipimo chake, kitambaa cha baridi nje ya shavu. Usikande kwa moto. Usiweke aspirini juu ya ufizi, inauunguza. Usiweke mafuta ya taa, tumbaku, wala maji ya betri. Na antibaotiki peke yake haimalizi jino lililooza. Inapooza, unadhani umepona, kisha linarudi na nguvu. Lazima chanzo kitolewe, ama kwa kuziba mzizi ama kwa kung'oa.

Kule Meru kuna hospitali ya wilaya Tengeru, na mjini Arusha hospitali ya rufaa ya Mount Meru. Nyumbani Unguja kuna Mnazi Mmoja. Popote ulipo, ijue njia ya hospitali yako kabla hujaihitaji, na uwe na namba ya mwenye gari.

Mtoto wetu hajambo sasa. Walima ulifanyika, akakaa kwenye jukwaa na pengo lake la nyuma ambalo hakuna aliyeliona, na meno yake ya kahawia ambayo kila mtu aliyaona, kwa sababu safari hii alicheka. Mumewe ndiye aliyemchekesha.

Mtume ﷺ aliupenda mswaki mpaka karibu aufanye wajibu kwa kila sala. Alituachia dini inayoanza kusafisha mdomo kabla ya kusimama mbele ya Allah. Sasa iweje mdomo wa mwanamke uwe kitu cha mwisho kushughulikiwa nyumbani?

Akina mama, makungwi, masomo: mkimfunda mwali, mfundeni na hili. Akisema jino linamuuma, msimwambie avumilie. Mwambieni avae baibui, mtoke.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awastiri mabiharusi wetu, na atusamehe pale tuliponyamaza. Aamin.