Nyumba zetu za Mji Mkongwe, wa kulaumiwa ni sisi

Msimu wa baridi uliopita nilikuwa London kwa binti yangu. Anakaa ghorofa ya pili katika nyumba ya matofali ya zamani, na madirisha yake ya mbao yanapitisha baridi utadhani yako wazi. Nikamwambia, "Mwanangu, si muweke madirisha ya plastiki tu?" Akacheka. "Baba, nyumba hii imeorodheshwa. Bila kibali cha halmashauri hatugusi hata fremu. Ukibadilisha kimyakimya, ni jinai."

Ualimu hauniachi, nikaanza kuuliza na kusoma. England kuna taasisi ya umma iitwayo Historic England. Kazi yake ni kuchunguza majengo ya kale na kuishauri serikali yapi yaingie katika orodha ya taifa, kwa daraja tatu. Mtu yeyote anaweza kupendekeza jengo. Kila mwaka hutoa pia orodha ya majengo yaliyo hatarini. Na halmashauri ikiona nyumba iliyoorodheshwa imehamwa na inaachwa ibomoke, inaweza kufanya matengenezo ya dharura, kisha ikampelekea mwenyewe hesabu alipe.

Wenzetu nao walijifunza kwa maumivu. Mwaka 1961 walianza kulibomoa lango kubwa la mawe la stesheni ya Euston, lililojengwa miaka ya 1830, watu wakipiga kelele bila kusikilizwa. Mengi ya mawe yake yakatupwa kujazia shimo majini, mashariki ya London. Uchungu ule ulisaidia kuiokoa jirani yake, stesheni ya St Pancras, iliyopewa daraja la kwanza mwaka 1967.

Sisi Euston yetu ni Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka katikati ya ukarabati uliogharimiwa na Oman, na watu wawili wakafa. Huku Ghuba tulisambaza picha, tukalia, tukalaumu. Baada ya machozi, jamani, tulifanya nini?

Zanzibar sheria ipo. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini mamlaka haiwezi kupanda juu ya paa la kila nyumba. Nyumba nyingi zina wenyewe, na baadhi ya hao wenyewe ni sisi.

Nyumba ya marehemu babu yangu ni mfano. Warithi tuko ishirini na mmoja: Maskati, Dubai, Mombasa, London. Miaka minane tulibishana iuzwe au isiuzwe. Huku nyuma bati likatoboka, maji yakaingia, ncha za boriti zikaoza ndani ya ukuta, na ukuta wa mawe ya matumbawe ukatoka tumbo. Fundi tuliyemtuma akapiga plasta ya saruji juu ya chokaa. Unyevu ukafungika ndani, mambo yakazidi. Mabati machache tu ya mwaka wa kwanza yangetuepusha na yote hayo.

Najua atakayesema: tuliondoka 1964 kwa machungu, nyumba zikachukuliwa, leo tutengeneze za nini? Zilizochukuliwa ni mjadala mwingine. Mimi nasema zile ambazo hati zake tunazo kabatini.

Basi kila ukoo uandike warithi wake, umchague mmoja na kumpa uwakala wa kisheria. Tuchange kidogo kila mwezi, paa na mifereji vitazamwe kabla ya masika. Tumtafute fundi anayejua chokaa. Na mlango wa nakshi usiuzwe kulipia madeni ya arusi.

Methali ya ufa na ukuta niliifundisha darasani zaidi ya miaka thelathini, na nyumbani kwetu ufa nikauacha. Mwaka huu, alhamdulillahi, tumeezeka paa. Ukuta bado, na mchango wa mwezi huu wamekwishatoa kumi na wanne.