Ramani ya Habari Isituhadae

Siku hizi ukisoma gazeti kwenye intaneti, habari haiji kwa aya peke yake. Unawekewa ramani yenye vitone. Ukibonyeza kimoja, picha na maelezo ya mahali pale yanafunguka. Ama unawekewa mstari wa tarehe, unausukuma kwa kidole mwaka baada ya mwaka. Chamani mwetu kuna wanaodai eti habari ya maneno matupu imepitwa na wakati. Mimi ramani naipenda, tena sana. Ninachokataa ni kuiamini bila kuiuliza maswali.

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zilizagaa na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mapema Januari 2008, Ory Okolloh aliandika kwenye intaneti akiuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wawezao kuyaonyesha maovu yale kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioitikia, na baada ya siku chache Ushahidi ikazaliwa. Mwananchi alituma taarifa, nayo ikawekwa mahali pake ramanini. Mwaka 2010 Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi, programu hiyo hiyo ilitumika huko. Si jambo la kujivunia hilo?

Lakini hebu tufikiri. Kitone kilihitaji mtu mwenye simu au kompyuta, mwenye chaji, na mwenye moyo wa kusema. Aliyekimbilia porini usiku na watoto mgongoni angetuma nini? Kwake ramani ilibaki nyeupe. Je, weupe huo ulikuwa amani? La hasha!

Daktari John Snow alilielewa jambo hili kabla ya kompyuta kuwako. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua watu wengi karibu na pampu ya maji ya Broad Street, London, naye akavitia vifo hivyo kwenye ramani. Hapo hapo jirani palikuwa na kiwanda cha bia ambacho wafanyakazi wake hawakufa. Snow hakupapita. Alikwenda kuuliza, akaambiwa kwamba wale walikunywa bia na walikuwa na kisima chao wenyewe. Pengo lile lilimpa ushahidi sawa na vile vifo.

Mstari wa tarehe nao una ujanja wake. Ukiuanza mstari wa ghasia zetu tarehe 30 Desemba 2007, msomaji ataona ugomvi wa kura tu. Ukiuanza na mapigano ya Molo ya 1992, ukapitia Likoni Agosti 1997, ataanza kuuliza habari za mashamba na za wanasiasa. Tarehe zote ni za kweli, lakini hadithi ni mbili. Kwa hivyo anayechagua tarehe ya kwanza ameshatoa maoni yake, hata kama hakuandika sentensi moja. Basi na atuambie ni kwa nini ameanzia pale! Mwandishi wa aya hujulikana upande wake kwa maneno yake, lakini huyu wa vitone hujificha nyuma ya rangi.

Nalisema hili kwa sababu chama chetu kinachora ramani ya ajali za barabarani za eneo hili. Nimeitazama. Vitone vyote viko kando ya lami, wanakotoka wanafunzi wengi wa kutwa. Ng'ambo ya mto hakuna hata kimoja, ilhali bodaboda zinapita kule mchana na usiku. Naomba tusiibandike ukutani bado. Jumamosi wanne wetu wavuke daraja, wakaulize akina mama sokoni na wazee wa mtaa, kisha tuandike chini ya ramani tulifika wapi na wapi hatukufika.