Garanti ya miezi sita, na bati linavuja

Wapangaji wenzetu wa Mulongwe, Kimanga, Kasenga na Kalundu, mvua ikinyesha usiku tunaamka wote kutega masufuria na mabeseni. Ukuta umepasuka, choo kimebomoka, ukimpigia mwenye nyumba simu haipitike. Mwisho wa mwezi ndiyo inapita vizuri sana!

Tangu mafuriko ya Aprili 2020, tena na ziwa kupanda, nyumba za mahali pakavu ni chache. Njo maana wanatujibu: "Kama hautaki toka, wengine wanangoja."

Tuseme wazi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kuishi kupita miezi mitatu. Wako wanaodai sita. Na tangu amri ya 1888 juu ya mikataba, matengenezo makubwa ni mzigo wa mwenye nyumba, mpangaji ni yale madogo madogo tu.

Basi kabla ya kuingia, piga picha kila ufa, muiandike kwenye mkataba, mutie sahihi wote wawili. Na wapangaji wa lupango moja muende kumwona pamoja. Mmoja ni rahisi kumfukuza. Familia sita akizifukuza siku moja, mwezi unaokuja pesa ya nyumba atatoa wapi?