Je, Karata Zaweza Kutuamulia?

Tangu turudi kutoka likizo bweni letu la kidato cha sita lina mabishano yasiyokwisha, na sababu yake ni karata mbili. Mwenzetu mmoja alipokuwa Kampala kwa dada yake alipelekwa kwa mama mmoja mtazamiaji, akapangiwa karata za taroti, zikatokea Panga Tisa na Malkia wa Panga. Yule mama akamwambia kwamba hofu yake yasema kweli, na akili yake imekwisha kuamua, basi akate. Sasa mwenzetu ataka kukata Kemia ashike Jiografia, yeye ambaye tangu kidato cha kwanza hatujamsikia akitaja kazi nyingine ila udaktari. Na kila mmoja hapa ajua kwamba asiye na Kemia mlango wa udaktari amejifungia mwenyewe.

Wengine bwenini wasema karata hizo ni za Shetani, zichomwe, maneno yaishe. Wengine wasema hazikutokea bure. Mimi simo katika kundi lolote la hayo mawili.

Taroti haikutoka kwa makuhani wa Misri kama wengi wanavyodai. Ilianza kaskazini ya Italia katika karne ya 15, nayo ilikuwa mchezo tu wa karata wenye turufu, kama ule wanaoucheza wazee barazani jioni. Karata zake ni 78, yaani turufu 22 na nyingine 56 za mafungu manne, na panga ni fungu mojawapo. Habari ya Misri ilitolewa mwaka 1781 na Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, wakati ambapo hapakuwa na mtu Ulaya awezaye kuyasoma maandishi ya kale ya Misri. Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Bwana yule alitufasiria kitabu ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukisoma!

Picha zinazotumika sana siku hizi zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikatolewa London mwaka 1909, nazo nakiri ni nzuri. Katika Panga Tisa mtu ameketi kitandani usiku, ameufunika uso kwa mikono yake, na nyuma yake gizani panga tisa zimelala moja juu ya moja. Nani kati yetu hajapata kuketi hivyo juma la mtihani? Malkia wa Panga yu katika kiti cha enzi, upanga wake wima mkononi, ametazama upande mmoja bila kupepesa. Watazamiaji husema ya kwanza ni wasiwasi, ya pili ni uamuzi wa akili timamu.

Taabu yaanza zikiwekwa pamoja. Mtazamiaji mmoja aweza kusema kwamba Malkia amekuja kuuondoa wasiwasi, basi tulia uendelee na Kemia. Wa pili aweza kusema kwamba Malkia ndiye aliyeuleta, maana wajihukumu mno, basi pumzika. Wa tatu, kama yule wa Kampala, atasema kata. Karata ni zile zile, na mashauri ni matatu yanayopingana.

"Lakini mbona zilitokea hizo hasa?" mwenzetu huuliza. Tukapiga hesabu. Katika karata 78 mna jozi 3,003, na jozi yoyote utakayoitoa, hata isiyokuhusu kabila, ni moja katika hizo 3,003. Tena zingetokea Mwezi, au Mnara, au Panga Nane, hofu yake ingalipata pa kukaa vile vile. Mwaka 1948 huko Marekani mwalimu wa saikolojia, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi za kueleza tabia ya kila mmoja, akawataka wapime usahihi wake toka 0 mpaka 5. Wastani ukawa zaidi ya 4. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, nayo aliyatoa katika kitabu cha unajimu.

Asidhani mtu kwamba nawacheka Wazungu. Huko pwani kuna ramli, yenye maumbo 16, kila umbo mistari minne ya nukta moja au mbili, na maumbo mawili yakiunganishwa huzaa la tatu kwa kanuni ya witiri na shufwa. (Wapenzi wa Hesabu waijaribu, ni tamu.) Lakini mpiga ramli stadi huanza kwa kuuliza: nani anaumwa, mmegombana na nani, shamba limekuwaje. Nasadiki faida yake kubwa imo katika maswali hayo. Yule mama wa Kampala hakumwuliza mwenzetu hata alama moja aliyoipata.

Sisi tulimwuliza. Jumamosi tulikaa chini ya mwembe na ripoti zake za mwaka jana. Kemia: muhula wa kwanza 38, wa pili 46, wa tatu 53. Hofu yote ilitoka katika jaribio moja la maabara lililomharibikia mbele ya watu. Wasiwasi husema "utashindwa" na kunyamaza. Hautaji mada, wala majuma yaliyobaki. Ukiuuliza habari hizo hugeuza maneno. Wala sisemi kwamba hofu ni mwongo siku zote. Alama zake zingalikuwa 53, 46, 38, mimi mwenyewe ningalimshauri aache, hata kama ingalimtokea karata ya Jua.

Na ninyi mnaotaka karata zichomwe, niambieni: kwa nini alimwendea mtu asiyemjua, asituambie sisi tunaolala naye? Katika bweni letu mtu akisema anaogopa hupewa jina la kumcheka, na jina hilo humfuata mpaka siku ya kuondoka. Karata zitakuwa majivu, na yeye usiku wa manane atakuwa angali macho, uso mikononi.

Barua yake ya kuomba kubadili somo bado imo ndani ya daftari, haijatiwa sahihi. Ninyi ndugu mliotutangulia, najua wako kati yenu walioacha somo katika kidato cha sita, na wengine walioling'ang'ania. Tuandikieni mliamuaje, na mlikuwa na alama gani siku ile. Barua zipelekwe kwa Mhariri, nami nitazibandika bwenini.