Si Kila Moyo Una Vena Nne

Huku Ukata, Mbinga, mtu akirudi na habari kwamba mishipa ya moyo wake si kama ya kitabuni, majirani huanza kuja kumpa pole. Kisa ni ule mchoro wa ubaoni: vena nne za mapafu, mbili kulia, mbili kushoto, zikirudisha damu kwenye chumba cha juu cha kushoto. Mwanafunzi aliyechora ya tano alikosa alama.

Mchoro si uongo, ila ni wa wengi, si wa wote. Wapo ambao vena mbili za kushoto huungana zikaingia moyoni kwa mlango mmoja mpana. Wapo wenye ya tatu upande wa kulia. Kwenye CT skani watu wa namna hii hupatikana zaidi ya mmoja kwa kila watu kumi. Hawaumwi. Wanapanda milima ya Umatengo na kahawa yao kichwani, na wengi watazikwa bila kujua.

Basi kama si ugonjwa, ya nini kuzihesabu? Wanaouliza hivyo nao wanakosea. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, waliwachunguza wagonjwa 45 ambao mioyo yao ilidunda ovyo. Walipata vyanzo 69 vya umeme mkorofi; 65 vilikuwa ndani ya vena hizo. Tangu hapo daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, akaunguza duara kuzunguka kila mlango ili umeme usivuke. Asiyejua kuna wa tano atauacha. Akiunguza ndani mno, kovu laweza kuibana vena yenyewe. Na puto la baridi, ambalo wengine hulitumia badala ya joto, halikai vizuri kwenye mlango mpana. Hata mchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani, hutazama mteremko kabla ya kushika jembe.

Wapo watakaosema: "Hayo ni ya Ulaya." Nusu kweli. Kwetu mapigo hayo ya ovyo mara nyingi hutokana na valvu iliyoharibika baada ya mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Mgonjwa huyo aangaliwe valvu kwanza, apewe na dawa ya kuzuia damu kuganda, asije akapata kiharusi. Ila presha nayo huyaleta, na presha Mbinga ipo. Mzee akisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, akaambiwa apige CT skani kabla ya kuunguzwa, ndugu wasiseme hospitali inatafuta hela: daktari anataka kuhesabu milango kabla ya kuwasha moto.