Uso si Sakafu ya Bweni

Najua nikimaliza tu kuna watakaonicheka kuanzia bwaloni hadi uwanjani. Potelea mbali, wacheke. Najua pia kuna walimu watakaouliza: huyu kijana wa kidato cha tatu, badala ya kuandika juu ya bidii masomoni au madhara ya mihadarati, anatuletea habari za kuosha uso? Ndiyo, Mwalimu. Nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Sisi tunaokaa mabwenini tunajuana. Kengele hulia saa kumi na moja kasorobo alfajiri, maji ni baridi kama barafu, basi kila mtu hukimbilia kuoga paspoti. Kwa faida ya walimu wasioijua lugha hii, kuoga paspoti ni kulowesha sehemu zile tu zinazoonekana katika picha ya paspoti. Sabuni ni kipande kile kile tulichofulia soksi Jumamosi. Tunausugua uso kwa nguvu zile zile tunazosugulia sakafu ya bweni siku ya ukaguzi, halafu tunapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe mpaka tunang'ara kama sufuria mpya. Taulo moja huzunguka watu watatu. Kisha tunashangaa choa imetoka wapi!

Mimi nilianza kutokwa na chunusi kidato cha kwanza, muhula wa tatu. Lilianza paji la uso, yakafuata mashavu. Nikabatizwa jina ambalo silitaji hapa. Wenzangu husema utani hauui, nami nakubali haukuniua, lakini nilianza kuketi nyuma darasani. Mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, mkono hauinuki. Hata katika mjadala wa chama hiki hiki nilikataa kusimama kuongea, ati koo linaniuma. Koo gani! Ulikuwa uso.

Ndipo nikaingia mtegoni. Likizo ya Aprili nilinunua sokoni kitubu cha krimu kwa shilingi 150, na hakuna aliyeniuliza ninaumwa na nini. Baada ya wiki mbili uso ukawa laini, tena mweupe kidogo. Nikatembea kifua mbele kama jogoo wa shamba. Lo! Nilipoiacha, miezi mitatu baadaye, chunusi zilirudi na jamaa zao wote, na ngozi ikawa inawasha kila nilipotoka juani. Mamangu alinishika mkono hadi zahanati. Muuguzi hakunigombeza. Alikisoma kile kitubu, akanionyesha neno moja lililoandikwa kwa herufi ndogo: betamethasoni.

Hiyo ni steroidi. Ni dawa ya kweli ya magonjwa fulani ya ngozi, lakini hutumiwa kwa maagizo ya daktari na kwa muda maalumu. Ukiipaka usoni siku nenda siku rudi, huifanya ngozi kuwa nyembamba, na yenyewe inaweza kukuletea chunusi. Aliniambia pia kwamba baadhi ya krimu za kujichubua huwa na zebaki, ambayo hupenya ngozini na kudhuru figo. Nimesoma baadaye kwamba mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana vipodozi vyenye zebaki viondolewe ifikapo 2025. Lakini sheria ni sheria, na soko ni soko.

Kilichonishangaza zaidi ni kuambiwa kuwa chunusi si uchafu. Tukifika umri huu, homoni huviamsha vile vifuko vidogo vya mafuta vilivyo chini ya ngozi. Mafuta yakichanganyika na seli zilizokufa huziba vinyweleo, na bakteria wanaoishi hapo hupata karamu. Sasa, kusugua kwa sponji la kuoshea sufuria kutafika huko ndani? Sabuni ya kufulia nayo ina pH ya 9 au 10, ilhali ngozi ni ya asidi kidogo, kama 5 hivi. Ndiyo maana uso hukaza na kuchoma tukitoka bafuni, nasi tunadhani huo ndio usafi!

Alichoniagiza kilikuwa kidogo mpaka nikadhani ananipuuza. Osha uso asubuhi na usiku, na baada ya michezo, kwa sabuni ya kuogea isiyo kali na kwa vidole tu. Kausha kwa kugusagusa, kwa taulo lako mwenyewe. Paka losheni nyepesi ngozi ikiwa bado na unyevu. Mchana jikinge na jua. Kwa chunusi zangu alinipa dawa ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, niipake kidogo usiku na nisubiri wiki nane. Foronya yangu ya samawati sasa ina madoa meupe kama ramani ya dunia, kwa kuwa dawa hiyo hupausha nguo. Wiki ya tatu nilitaka kuitupa. Wiki ya tisa nilihesabu chunusi nne. Madoa meusi yalibaki kwa sababu nilikuwa nikizitumbua, na ngozi nyeusi hukumbuka kila jeraha kwa miezi mingi.

Najua mtaniambia hayo ni mambo ya wasichana. Kwani kupiga mswaki ni mambo ya nani? Au mtasema tunaiga Wazungu. Watu wa Mwambao wamekuwa wakipaka liwa usoni na kumsugua bibi harusi kwa singo tangu enzi za mababu, wala hakuna aliyewafundisha. Nao wale wenzangu wanaoficha chupa saba sandukuni kwa sababu wameziona kwenye simu likizoni, nawapinga vilevile. Hela hizo zingetosha nauli ya kwenda nyumbani na kurudi.

Limebaki la jua, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Ikweta inapita katikati ya nchi yetu, na jua la saa sita si la mchezo. Ngozi nyeusi ina kinga yake, melanini, ingawa si ngao ya chuma. Mwenzetu mwenye ualbino kinga hiyo hana. Kwake yeye kusimama juani si suala la madoa, ni suala la vidonda na hatimaye saratani ya ngozi. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huwapa watu wenye ualbino losheni ya kukinga jua, lakini losheni peke yake haitoshi. Muhula uliopita nilimwona prefekti mmoja akimvua kofia gwarideni, ati si sehemu ya sare. Alisimama kichwa wazi hadi hotuba zote zikaisha, nasi tulimtazama tu, mimi nikiwamo.

Kwa hivyo ombi langu kwa usimamizi ni mambo mawili. Kofia pana iruhusiwe gwarideni na uwanjani, kwake kwanza, na kwa yeyote mwingine anayeitaka. Tena mifereji ya bafuni iachwe wazi dakika kumi baada ya masomo ya jioni, kabla ya taa kuzimwa, maana alfajiri hakuna anayeweza kuosha uso vizuri huku akisukumwa na watu arobaini.

Beseni langu liko chini ya kitanda cha pili kutoka mlangoni. Anayetaka kuliazima aje, hata wale walionibatiza jina. Sabuni nitampa. Taulo, hapana.