Vidole vya mama vinapogoma asubuhi

Msimu wa korosho unapoanza Chiungutwa, mama mwenye vidole vinavyouma hawezi kujificha. Korosho huokotwa chini ya mti na kunyofolewa kwenye bibo kwa mkono, kazi ya kuinama na kufinya kutwa nzima. Anayeamka vidole vimekakamaa hadi saa tatu asubuhi, akashindwa hata kumfunga mtoto vifungo vya shati la shule, atabaki nyumbani wenzake wakienda shambani. Maneno nayo hayachelewi: amerogwa, amekanyaga kitu, au ni mvivu tu.

Wengine watasema ni chikungunya, na hao wana sababu. Jina hilo ni la Kimakonde na lina maana ya kujikunja. Ugonjwa wenyewe uliandikwa na madaktari kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda huu wa Makonde, upande wa Masasi na Newala. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo yake 1955, na virusi vyake vilipatikana katika damu ya wagonjwa wa Newala. Maji yalikuwa ya taabu uwandani, watu wakayaweka ndani kwenye vyungu, na mbu wanaouma mchana wakapata pa kuzaliana.

Chikungunya huanza kwa kishindo. Homa hupanda ghafla, viungo huuma siku hiyohiyo, na mara nyingi nyumba nzima au majirani huugua pamoja. Wengi hupona ndani ya wiki chache, lakini wapo wanaobaki na maumivu kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu upo ugonjwa mwingine unaofanana nao sana, ule ambao madaktari huuita baridi yabisi. Mtaani kila maumivu ya goti la mzee ni baridi yabisi. Hospitalini jina hilo lina ugonjwa wake: hunyemelea polepole, hushika vidole na viganja vya mikono yote miwili, huvimbisha, na ukakamavu wa asubuhi huzidi saa moja. Virusi haviko kwenye viungo hivyo. Mwili ndio unaojipiga.

Kazi ya kingamwili ni kumtambua mgeni kama virusi au bakteria na kumwekea alama ili ashambuliwe. Kwa baadhi ya watu hutengenezwa kingamwili zinazoiwekea alama nyama ya mwili wenyewe. Hizo zinaweza kuonekana kwenye damu, wakati mwingine miaka kadhaa kabla kiungo hakijavimba, na ndizo daktari anazozitafuta anapoagiza vipimo vya RF na CCP. RF ndicho kipimo cha zamani. Erik Waaler wa Norway aliieleza 1940. CCP ni cha karibuni zaidi na kina uhakika mkubwa zaidi kinapotoa jibu la ndiyo. Mgonjwa aliyebaki na maumivu baada ya chikungunya, CCP yake kwa kawaida haionyeshi kitu.

Lakini karatasi ya maabara peke yake inaweza kupotosha. RF huonekana pia kwa watu wenye kifua kikuu, homa ya ini, malaria, na kwa wazee wasioumwa chochote. Kipimo kingine, ANA, ambacho hutumika kutafuta lupus, kinaweza kutoa jibu la ndiyo kwa mtu mzima wa afya, na malaria nayo huchangia. Kwa wanaoishi sehemu zenye malaria hilo si jambo dogo. Mama aliyepimwa ANA bila dalili yoyote ya lupus anaweza kuambiwa ana ugonjwa ambao hana, akaanza kuuza korosho za watoto kutafuta tiba. Kinyume chake pia hutokea: baadhi ya wenye baridi yabisi ya kweli hawaonyeshi RF wala CCP, na mtu akarudishwa nyumbani kwa sababu eti damu ni safi. Ndiyo maana daktari mzuri hushika vidole kwanza, huuliza maumivu yalianza lini na nani mwingine nyumbani aliugua, kisha ndipo huagiza damu.

Vipimo hivi havipatikani kila hospitali, na wakati mwingine sampuli husafirishwa mbali. Kusubiri huko ndiko kunakowapeleka wengi duka la dawa kununua vidonge vidogo vya steroidi. Maumivu hutulia siku mbili, na sifa ya vidonge huenea. Vikinywewa kwa miezi bila daktari, uso hujaa, mifupa hudhoofika, sukari hupanda, na kuviacha ghafla ni hatari. Viungo vinaweza kuendelea kuliwa taratibu wakati mgonjwa akijiona anapona. Zipo dawa zinazopunguza mashambulizi yenyewe, na zinafaa zaidi zikianza ndani ya miezi ya mwanzo, kabla kidole hakijapinda. Kilichopinda dawa haikinyooshi. Moja ya dawa hizo, methotreksati, haifai kwa mjamzito, hivyo mama anayetarajia kuzaa aseme mapema. Uvimbe uliopita wiki 6 usingoje msimu uishe.

Watoto nao hupata maradhi ya namna hii, ingawa bibi atasema mtoto hawezi kuwa na ugonjwa wa wazee. Mtoto haelezi maumivu. Huchechemea asubuhi, kisha mchana anacheza, na mzazi anadhani alikuwa anakwepa shule. Kwa watoto wengi RF haionyeshi kitu, kwa hiyo jibu la hapana halimalizi habari. ANA kwao ina kazi nyingine: mtoto mwenye viungo vilivyovimba na ANA ya ndiyo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvimba ndani ya jicho, bila wekundu na bila maumivu, hadi uwezo wa kuona unapopungua. Mtoto huyo hupelekwa kwa daktari wa macho kila baada ya miezi michache, hata kama anasoma ubao vizuri.